Uzi: Juisi ya nanasi, tangawizi na pilipili. Iwe kali bila kuwa chungu na bila kuchachuka

Kinu_na_Mchi:

Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa juisi ya nanasi yenye tangawizi na pilipili, ya kutengeneza nyumbani, isiyo na kileo hata chembe.

Malalamiko juu ya juisi hii ni yale yale kila siku. Inakuwa chungu. Inaweka unga mweupe chini ya jagi. Pilipili inaunguza midomo na koo halipati kitu. Ikilala nje usiku mmoja, asubuhi imechachuka. Yote yanazuilika, na mengi yanatokana na kutia kila kitu kwenye blenda kwa mpigo mmoja. Nanasi lishughulikiwe peke yake, tangawizi peke yake, pilipili peke yake, halafu vikutane vikiwa tayari vimepoa.

Vipimo vya lita 2 hivi:

Nanasi bivu la kilo 2, ukishamenya utabaki na nyama ya kilo 1 au pungufu kidogo
Tangawizi mbichi gramu 120
Pilipili mbuzi 1
Iliki punje 6
Mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole
Karafuu 3, zisizidi
Sukari gramu 100 (nusu kikombe), onja kabla ya kuongeza
Ndimu 2 kubwa
Chumvi robo kijiko cha chai
Maji ya kunywa lita 1 na robo

Anza na tangawizi maana ndiyo inayohitaji muda. Igawe: gramu 80 za kutwanga, gramu 40 za kukata vipande vyembamba. Zile 80 zitwange au ziparuze, tia maji robo kikombe mara mbili, kamua kwa kitambaa safi ndani ya glasi inayopitisha mwanga. Iache nusu saa bila kuigusa.

Ukirudi utaona kitu ambacho wengi hawajawahi kukiangalia. Juu kuna maji ya rangi ya asali nyepesi, chini kabisa kuna tope jeupe kama chaki iliyolowa, limeganda kwenye kitako cha glasi. Huo ni wanga wa tangawizi. Inamisha glasi taratibu, mimina yale maji ya juu, na tope likianza kusogea kuelekea mdomoni, acha hapo hapo. Tope litupe. Ukilitia kwenye juisi mbichi litashuka chini na kuwa ule unga mnaoulalamikia. Ukilitia kwenye juisi ya kuchemsha litakuwa uji na juisi itateleza mdomoni.

Sasa maji ya viungo. Weka maji mililita 700 jikoni pamoja na vile vipande vya tangawizi, iliki zilizopasuliwa, mdalasini na karafuu. Yakichemka punguza moto, funika, acha dakika 10. Epua. Ndipo utie pilipili, uliyoichana ubavu mmoja tu, kwa dakika 5. Itoe. Koroga sukari na chumvi yakiwa bado ya moto, chuja, acha yapoe kabisa.

Nanasi lisage na maji baridi mililita 400 kwa sekunde 40, basi. Ukisaga dakika tatu unajaza hewa, povu linakuwa nusu ya jagi. Chuja, kamua machicha. Changanya na maji ya viungo yaliyopoa, mimina yale maji ya tangawizi mbichi, kamulia ndimu mwishoni. Weka kwenye friji saa 2 kisha onja upya, kwa sababu kitu cha baridi utamu wake hauonekani sana kama kikiwa na joto la kawaida.

Tunda_Bivu:

Mkuu umeeleza vizuri. Naongezea upande wa nanasi, kwa sababu nanasi bovu au changa haliokolewi na sukari.

Usidanganyike na rangi ya ganda. Nanasi linaweza kuwa na kijani nusu nzima na ndani likawa limeiva. Nusa kitako, pale lilipokatwa kwenye shina. Likiwa na harufu tamu, chukua. Lisiponuka kitu, bado, na kuliweka ndani siku tatu hakutaliongezea sukari. Nanasi likishakatwa shambani utamu wake umeishia hapo, litalainika tu. Likinuka kama togwa iliyokaa, hilo limeshaanza kuchachuka ndani, na kwa juisi hii ndilo baya kuliko changa.

Halafu macho. Wengi wanamenya ganda jembamba ili wasipoteze nyama, yale macho ya kahawia yanabaki, yanasagwa na kila kitu. Yana uchungu na yanakwaruza koo. Macho ya nanasi yamejipanga kwa mistari ya mshazari, fuata mstari kwa kisu, kata mfereji wenye umbo la V kuzunguka nanasi zima. Unapoteza nyama kidogo sana. Moyo wa katikati usiutupe, ukate vipande vidogo usage nao, nyuzi zake zitabaki kwenye chujio.

Mama_Chujio:

Ahsante kwa uzi. Naomba kuuliza: ukiweka pilipili kichaa badala ya mbuzi ni sawa? Na kwa nini wengine wanasema toa mbegu ndipo isiwe kali?

Kinu_na_Mchi:

Dada Mama_Chujio, mbegu zinasingiziwa. Ukali wa pilipili uko kwenye ule utando mweupe unaozishika mbegu. Mbegu zinaonekana kali kwa sababu zimeugusa. Kwa hiyo ukitaka harufu ya pilipili mbuzi bila moto mwingi, kwangua utando kwa ncha ya kijiko, mbegu zitatoka nao, bakiza ganda.

Pilipili kichaa inafaa, ila haina ile harufu ya tunda ambayo pilipili mbuzi inayo, na harufu hiyo inapatana sana na nanasi. Ukitumia kichaa, 2 ndogo zinatosha lita 2, na zitiwe nzima, zichanwe ncha tu.

Jambo jingine muhimu: ukali wa pilipili hauyeyuki vizuri kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana ukisaga pilipili mbichi ndani ya juisi, vipande vyake vinaelea juu na anayepokea glasi ya kwanza anaungua midomo, wa mwisho hapati kitu. Ukiiloweka kwenye maji ya moto muda mfupi na kuitoa, unapata moto mdogo uliosambaa sawa. Na usionje ukahukumu papo hapo. Meza, hesabu nusu dakika, pilipili inapanda pole pole.

Osha kisu na ubao kwa sabuni mara mbili, na usishike macho yako.

Mdau_wa_Jikoni:

Mimi naona mnajichosha. Chemsha vyote pamoja, nanasi, tangawizi, pilipili, chuja, kwisha kazi. Inakaa hata wiki.

Fundi_Vinywaji:

Ndugu Mdau_wa_Jikoni, kuchemsha kuna kazi yake, lakini tofautisha kupasha na kuchemsha. Nanasi likitokota dakika 20 linapoteza ile harufu mbichi na kuanza kunukia jemu. Tangawizi nayo inabadilika: ule ukali wake wa kuchoma koo ukipikwa unapungua na kugeuka kuwa wa upole wenye utamu kwa mbali. Ndiyo sababu chai ya tangawizi iliyochemshwa sana haikati koo kama maji ya tangawizi mbichi. Mleta uzi amegawa tangawizi mara mbili na amefanya sawasawa: iliyochemshwa inatoa ladha ya chini, mbichi inatoa makali.

Kama unataka juisi ikae siku 5 hadi 7 kwenye friji, fanya hivi. Changanya juisi yote isipokuwa ndimu. Pasha kwenye moto mdogo mpaka nyuzi joto 80 hadi 85. Usiye na kipimajoto, angalia pembeni mwa sufuria: mvuke unapanda, vitone vidogo vinatokea kandokando, katikati bado hapajatokota. Ishikilie hapo dakika 2, engua povu, epua, tia ndimu. Mimina ikiwa moto kwenye chupa za glasi zilizochemshwa, funga, laza chupa ubavu dakika 3 ili joto lifike kwenye kifuniko, kisha ipoze na uiweke kwenye friji. Hiyo ni ya friji bado, isikae kabatini.

Makosa mawili hapa yanaharibu kazi nzima. La kwanza ni sufuria ya alumini. Nanasi na ndimu vina asidi, na asidi inakula alumini. Juisi inakuja na ladha ya chuma na sufuria inabaki na doa. Tumia stenlesi au sufuria ya enameli isiyobanduka. La pili ni kumimina juisi ya moto kwenye chupa baridi. Glasi itapasuka. Chupa iwe na joto lake, isimame juu ya kitambaa au ubao, isikae moja kwa moja juu ya saruji au vigae. Na zile chupa za plastiki za maji ya dukani hazifai kwa juisi ya moto, zinajikunja.

Mbichi ya mleta uzi ihesabie siku 2 kwenye friji, si zaidi.

Kinu_na_Mchi:

Nakubaliana na Fundi. Ya kunywewa leo na kesho, usiipashe. Ya wiki, ipashe. Ila kwa ulimi wangu ile mbichi ndiyo juisi, ya kupasha ni ya kuhifadhi.

Mama_Chujio:

Na nikitaka kuweka maziwa? Kuna wanaochanganya nanasi na maziwa ikawa nzito.

Fundi_Vinywaji:

Usiweke maziwa kwenye nanasi bichi. Nanasi lina kimeng'enya kinachokata protini, kinaitwa bromelaini. Ndicho hicho kinachochangia kuchoma ulimi ukila nanasi jingi, na ndicho kinacholainisha nyama ukiiloweka. Kwenye maziwa nanasi linafanya mambo mawili: asidi inayagandisha, kimeng'enya kinavunja protini na kuleta uchungu. Ukinywa saa hiyo hiyo unaweza usiusikie, baada ya nusu saa ni uchungu wa dawa. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha namna hiyo. Kwa hiyo umeweka maadui wawili kwa mpigo.

Wengi wakisema "juisi yangu imekuwa chungu sijui kwa nini", uliza kwanza kama wametia maziwa au maziwa ya unga. La pili uliza kama wamesaga ndimu na mbegu zake au maganda. La tatu macho ya nanasi, kama alivyosema Tunda_Bivu. La nne karafuu zilizozidi, hizo zinatia uchungu na ganzi kwenye ulimi.

Ukitaka uzito tumia tui la nazi zito, vijiko vikubwa 4 kwa lita, ulitie wakati wa kunywa, utikise. Mafuta ya nazi yanabeba ukali wa pilipili na kuutuliza, kwa hiyo hapo unaweza hata kuongeza pilipili. Likikaa litapanda juu, ni kawaida, tikisa tena.

Shamba_Pwani:

Suala la maganda. Kuna watu wanaloweka maganda ya nanasi na tangawizi siku mbili tatu ndipo wachuje, wanaita juisi ya maganda. Kwa anayeepuka kileo, kwa dini au kwa afya, hiyo haifai. Juu ya ganda la nanasi kuna hamira ya asili. Ikipata sukari na joto la Dar au Mombasa inaanza kazi ndani ya siku moja.

Maganda yana ladha nzuri na si vizuri kuyatupa, ila yachemshwe. Sugua nanasi zima kwa brashi na maji kabla ya kumenya, chukua maganda, yachemshe kwenye lita 1 ya maji dakika 20 hadi 25, chuja siku hiyo hiyo, na maji hayo ndiyo uyatumie badala ya zile mililita 700 za maji ya viungo. Sukari utaipunguza. Kwa wanaopata mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, yakiwa makubwa na matamu, wakati mwingine sukari haihitajiki kabisa.

Dalili za juisi iliyochachuka: vitone vya hewa vinapanda juu wakati chupa imetulia, chupa ya plastiki imekuwa ngumu ukiibonyeza, harufu ya unga wa mandazi ulioumuka, na utamu umepungua bila wewe kupunguza kitu. Ukiona hayo imwage. Kuichemsha upya kutaua hamira lakini ladha haitarudi. Na usifunge kabisa chupa ya glasi yenye juisi iliyokaa nje, gesi inaweza kuipasua.

Mja_wa_Mombasa:

Salaam kwenu. Kwetu sharubati kali tunayoifanya sana ni ya ukwaju, hasa mwezi wa Ramadhani, na mambo mengi hapo juu yanafuata ila vipimo ni vyengine.

Ukwaju robo kilo, ulio laini usiokauka. Utie kwenye maji moto lita 1, si yanayotokota, uwache nusu saa. Uvuruge kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa. Msitie kwenye blenda na kokwa zake, kokwa zikivunjika sharubati inakuwa na ukakasi. Pitisha kwenye chujio, rudishia machicha maji nusu lita, vuruga tena, chuja. Ukwaju una asidi kuliko nanasi, kwa hivyo sukari itakwenda gramu 180 hadi 200.

Kwa ukali, ukwaju unapenda pilipili manga kuliko pilipili mbuzi. Nusu kijiko cha chai, iliyotwangwa saa hiyo, si ile ya unga iliyokaa. Tangawizi gramu 60 inatosha. Bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, uikaange kavu mpaka inukie kisha uitwange. Chumvi kidogo. Na sufuria ya alumini ndiyo haifai kabisa hapa.

Mama_Chujio:

Na siku umeme umekatika, blenda haipo?

Kinu_na_Mchi:

Blenda si lazima. Nanasi liparuze kwenye tundu kubwa za greta, ukiwa umelikata robo na umelishika kwa upande wa moyo. Ndipo moyo unapofaa, unakuwa mpini. Tia maji, vuruga, kamua kwa kitambaa. Utapata pungufu kidogo kuliko ya blenda lakini povu hakuna, na juisi ni angavu zaidi. Tangawizi kwenye kinu ni bora kuliko blenda siku zote: blenda inakata nyuzi ndogo ndogo zinazopita kwenye chujio, kinu kinaziacha ndefu, zinabaki kitambaani.

Duka_la_Kona:

Wakuu, nina shughuli ya watu 70, nataka lita 20. Nizidishe kila kitu mara kumi?

Fundi_Vinywaji:

Nanasi, maji na tangawizi zidisha mara kumi. Utahitaji tangawizi kilo 1 na gramu 200. Ukibahatika kupata ya Same, mkoani Kilimanjaro, iliyokomaa na yenye nyuzi, anza na kilo moja halafu onja, maana iliyokomaa ina makali.

Pilipili, karafuu na mdalasini usizidishe hivyo. Maji ya viungo yatakuwa lita 7, na sufuria kubwa haipoi upesi, kwa hiyo ndani ya zile dakika 5 unazozihesabu pilipili inatoa moto zaidi kuliko kwenye sufuria ndogo. Anza na pilipili mbuzi 5, karafuu 12, vijiti vya mdalasini 5. Onja, ongeza. Kutoa huwezi. Ikizidi kabisa, dawa yake ni kuongeza juisi ya nanasi isiyo na pilipili, kwa hiyo weka lita 3 pembeni mpaka mwisho.

Hatari kubwa ya lita 20 ni kupoa. Ukiacha ndoo ya juisi ya uvuguvugu usiku kucha jikoni, asubuhi ya shughuli imeshaanza kuchachuka. Maji ya viungo yakishaepuliwa, weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, koroga, badilisha maji ya karai mara mbili tatu. Yakipoa ndipo uyachanganye na nanasi, ugawe kwenye madumu safi ya lita 5, uyaingize kwenye friji au kasha la barafu. Dumu moja kubwa la lita 20 katikati yake halipoi mpaka kesho yake.

Tangawizi ya kiasi hicho ikamue jioni, iache itulie saa moja kwenye ndoo nyembamba ndefu, si beseni. Kwenye beseni tope linatanda na ukiinamisha lote linafuata.

Duka_la_Kona:

Na barafu? Nikiweka ya kawaida juisi inakuwa maji.

Kinu_na_Mchi:

Gandisha sehemu ya juisi yenyewe. Chukua lita 2 za ile isiyo na pilipili, igandishe siku moja kabla kwenye vifuko au vibati vya barafu, ndiyo uitie ielee kwenye madumu ya kugawia. Ikiyeyuka inapunguza moto wa pilipili kidogo, kwa hiyo juisi ya mwanzo iwe kali kuliko unavyotaka kwa kiasi kidogo. Ukilazimika kununua barafu usiitumbukize ndani, izungushie madumu kwa nje. Na wakati wa kugawa, mtu mmoja awe anatikisa dumu kabla ya kila raundi, maana nyuzi za nanasi zinapanda juu na viungo vinashuka.

Tunda_Bivu:

Duka_la_Kona, kwa lita 20 nunua mananasi 11 ya kilo 2, si 10. Moja kati yao utalikuta na doa la kahawia ndani.